Barua ya wazi: Mlima Mlinga haungoji robo ya nne ya bajeti

Kwa viongozi wenye dhamana ya misitu, maji, ardhi na kilimo katika Wilaya ya Muheza na Mkoa wa Tanga.

Waheshimiwa,

Anayetoka Segera kuelekea Tanga mjini, akikaribia Muheza, akitupa jicho kushoto huliona jabali lililochomoza mbele ya safu ya Usambara Mashariki. Huo ndio Mlinga. Kilele chake kinapita mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi huugonga mapema kabla ya kuingia ndani ya safu. Kwa Wabondei ni mlima wa heshima tangu enzi za mababu. Kwa mkulima wa machungwa aliye bondeni, ndio unaomwambia kama leo aanike au aanue.

Tunaandika kwa ombi moja. Kazi za kuulinda mlima huu na mashamba yanayouzunguka zipangwe kwa kufuata mvua na upepo, wala si kwa kufuata robo za mwaka wa fedha. Mengine yote katika barua hii ni maelezo ya kwa nini, na ya namna kazi yenyewe inavyofanyika.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mlima una mwaka wake. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, kaskazi hukausha majani Januari na Februari, masika huingia Machi na kumwaga mpaka Mei, kisha kipupwe. Fedha za kinga moto (ukanda unaofyekwa ili kuzuia moto), za miche na za makinga maji (mifereji ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua), zikishaombwa, zikapitishwa na manunuzi yakakamilika, mara nyingi hutua Aprili, Mei au Juni. Aprili kinga moto haina kazi, majani ni mabichi. Mwishoni mwa Mei mche unapandwa mvua ikiaga. Juni makinga maji yanachimbwa udongo umekwisha shuka mtoni. Kila kazi imefanyika, kila risiti ipo, na mteremko uko vilevile.

Tuanze na moto, maana ndio wenye haraka kuliko yote.

Moto unaounguza miteremko hii kwa kawaida hauanzi msituni. Hupanda kutoka mashambani, watu wanaposafisha viunga kwa ajili ya mahindi ya masika, au hutoka kwa mrina asali aliyeacha kienge kikifuka chini ya mti. Ukishaanza kupanda haukimbiliki. Ndimi za moto huegemea mteremko na kuyakausha majani yaliyo juu kabla hazijayagusa, na kila mteremko unapozidi kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya moto huongezeka karibu mara mbili. Ndiyo sababu kinga moto iliyokatwa katikati ya mteremko haisimamishi kitu: moto unaifikia ukiwa na nguvu zake zote na kuiruka. Mahali pake ni kwenye mgongo wa kilima, ambapo moto hupungua nguvu, au kwenye njia ya miguu na mkondo wa maji ambavyo tayari vipo.

Upana wa mita 6 unatosha kwa majani ya kawaida. Upana wote ufyekwe chini kabisa, lakini udongo uparuliwe mpaka uwe mtupu kwenye ukanda wa mita 1 au 2 tu katikati. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema: wanaparua mita zote 6, kisha masika yanaigeuza kinga moto kuwa korongo. Kosa la pili ni kufyeka na kuacha majani palepale. Yanakauka ndani ya siku chache na kuwa utambi unaovusha moto upande wa pili. Yatolewe, yapelekwe upande wa shamba, yatandazwe kwenye migomba na michungwa. Na pale ambapo hakuna budi mstari upite mteremkoni, uchimbwe mfereji mdogo kwenye ukingo wake wa chini, udongo ukirundikwa upande wa bondeni, ili gogo linalowaka likiporomoka kutoka juu linaswe humo.

Hesabu yake si kubwa. Kilomita 1 yenye upana wa mita 6 ni mita za mraba 6,000. Mtu mmoja akisafisha mita za mraba 300 kwa siku, hizo ni siku-kazi 20, yaani watu 10 kwa siku 2. Kazi ya namna hii haihitaji zabuni. Inahitaji posho ya siku mbili kwa watu 10 wa kitongoji, ilipwe wiki ya mwisho ya Desemba vuli inapokatika, na marudio mafupi ya kufyeka tu mwanzoni mwa Septemba. Posho hiyohiyo ikilipwa Mei inakuwa imetupwa.

Sheria ya Misitu ya 2002 imekwisha weka masharti ya kuchoma uoto. Kinachokosekana ni sheria ndogo za vijiji zinazotaja saa na namna, kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyafuata akiwa na panga mkononi. Tunapendekeza ziseme hivi: shamba lichomwe kuanzia saa 10 jioni, upepo unapolala, wala si mchana. Kabla ya kuwasha, pembezoni pasafishwe mita 3. Moto uwashwe ukingo wa juu kwanza ili ushuke taratibu, na ukishakula mita 5 au 6 ndipo pande zifuate, ukingo wa chini ukiwa wa mwisho. Jirani wa juu na mtendaji wa kijiji wawe na taarifa tangu jana yake. Wawepo watu wasiopungua wanne wenye matawi mabichi na bomba la mgongoni lenye maji. Na asubuhi yake mwenye shamba arudi kupapasa visiki, kwa sababu mizizi mikavu hushika moto chini kwa chini na kutoa ndimi siku ya pili au ya tatu, wakati kila mtu ameshakwenda zake.

Sasa udongo. Amani, iliyoko kwenye safu hiihii, hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ikianguka kwenye msitu hupokewa na majani, matandazo na mizizi. Ikianguka kwenye shamba la mihogo lililolimwa kwa matuta yanayoshuka na mteremko, kila tuta linakuwa mfereji. Maofisa ugani wanalijua hili na wamelisema sana. Tatizo ni kwamba kusema “limeni kwa kontua” hakumwonyeshi mtu kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko, ilipo, na macho hudanganya kwenye mteremko.

Kipimo cha herufi A kinaonyesha, na gharama yake ni misumari mitatu na kamba. Chukua fito mbili za mita 2 na kitu, zifunge juu, zitanue chini mpaka miguu iachane mita 2 kamili, kisha pigilia fito ya tatu ya kukatiza katikati. Ning’iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Simamisha kipimo, weka alama pale kamba inapogusa fito ya kukatiza, kigeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo unatembea nacho shambani mguu kwa mguu, ukichomeka kijiti kila kamba inapotulia katikati.

Lakini kwa mvua za huku, kontua iliyo sawa kabisa haifai kwa mfereji. Maji yakijaa yatatafuta sehemu dhaifu na kubomoa, na mfereji mmoja ukibomoka unabomoa yote iliyo chini yake. Mfereji uinamishwe kidogo, sentimita 50 kwa kila mita 100. Kwa kipimo chenye miguu iliyoachana mita 2, hiyo ni sentimita 1 tu: funga kipande cha ubao cha sentimita 1 chini ya mguu mmoja, na mguu huo uwe mbele siku zote unapotembea kuelekea kule maji yanakotakiwa kwenda. Mfereji wa fanya juu huchimbwa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo ukirushwa upande wa juu. Kwenye mteremko wa asilimia 20, mistari iachane mita 8 au 9. Juu ya tuta papandwe mabingobingo au majani ya guatemala, safu mbili kwa kupishana, na yakatwe mara kwa mara, la sivyo yatainyang’anya mihogo jua na mbolea.

Halafu swali ambalo huulizwa mara chache: mwisho wa mfereji, maji yanakwenda wapi? Tazameni njia za miguu zinazopanda kwenye vitongoji vya chini ya Mlinga. Nyingi zimeliwa mpaka zimekuwa mahandaki, kwa sababu kila shamba linamwaga maji yake njiani. Mfereji unatakiwa uishie kwenye mkondo wa asili wenye majani na mawe, na kama haupo, utengenezwe mmoja wa pamoja kwa mashamba yote ya mteremko ule, upana wa mita 2 au 3, uoteshwe majani msimu mmoja kabla ya kupokea maji. Hili hakuna mkulima anayeliweza peke yake, kwa kuwa mkondo unapita kwa majirani sita. Hapo ndipo tunapohitaji mamlaka yenu: ofisa ugani, mwenyekiti wa kitongoji na wenye mashamba wote wasimame mahali pamoja siku moja, wakubaliane, waandike. Siku hiyo iwe Januari. Udongo bado una unyevu wa vuli na unachimbika, na zimebaki wiki sita au nane kabla ya masika. Februari jembe linadunda.

Miteremko mikali zaidi, ile ambayo mtu hulazimika kushika kisiki ili apande, isilimwe mazao ya msimu hata kwa makinga maji. Wenye mashamba hayo hawatayaacha kwa kuambiwa tu, na hatuoni kosa lao. Wanahitaji zao la kudumu: karafuu, mdalasini, pilipili manga iliyopandishwa kwenye miti hai. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo mkulima aachiwe kulima mihogo katikati ya mistari mpaka kivuli kifunge. Huduma ya ugani kwa shamba la namna hiyo si ziara moja. Ni miaka mitano ya kurudi.

Kuhusu iliki tutasema waziwazi, ingawa inawalisha wengi. Iliki hupenda kivuli, basi watu huacha miti mikubwa na kufyeka yote iliyo chini. Kwa mbali msitu unaonekana mzima. Kwa ndani hauna watoto: mti mkubwa ukianguka hakuna wa kushika nafasi yake. Baada ya miaka kadhaa iliki hupungua, shamba huhamishwa, na penye uwazi huingia msizi. Mti huu, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii, haukuwa wa Usambara. Uliletwa wakati wa ukoloni, na ndege aina ya hondohondo wanaokula matunda yake wameusambaza kila mahali. Anayetaka kuuondoa asiukate wote kwa mara moja. Mwanga ukiingia kwa wingi, mbegu zake zilizolala ardhini huota kwa pamoja, na visiki vyake huchipua. Punguza mti mmoja mmoja, huku chini yake umeshapanda miti ya kwao yenye kuvumilia kivuli.

Miongoni mwa hiyo, msambu unastahili kupewa nafasi ya kwanza. Ni mti wa misitu ya milima ya Tanzania, mbegu zake zina mafuta mazito yenye soko, na mwenye msambu shambani ana sababu ya kutoukata. Ila ni mti wa subira: mbegu huchukua miezi kadhaa, nyingine zaidi ya mwaka, kuota. Hakuna kitalu kinachoweza kuzalisha misambu kwa agizo la Februari ili ipandwe Aprili. Ikiagizwa hivyo, kitakacholetwa ni kile kinachoota haraka, mara nyingi mti wa kigeni, na mpango wa kurudisha msitu wa asili unageuka kuwa kitu kingine bila mtu yeyote kuamua.

Kalenda ya kitalu ni hii. Mbegu zikusanywe kadiri matunda yanavyoanguka, zisingoje kikao. Viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, vijazwe Agosti na Septemba: udongo wa juu sehemu 3, samadi iliyooza sehemu 1, mchanga sehemu 1. Kivuli cha kitalu kianze kupunguzwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda ili miche izoee jua, na mizizi inayotokeza chini ya viriba ikatwe. Mashimo yachimbwe Januari, sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Mche uende shambani ukiwa na sentimita 30 au 40, baada ya mvua kulowesha ardhi vizuri, yaani kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Kiriba kichanwe, kila mwaka tunaona miche iliyopandwa na kiriba chake, imedumaa, mizizi ikizunguka humo kama kamba. Palizi ya kwanza ni Juni, ya pili baada ya vuli.

Tunaomba taarifa ya miti isiandikwe siku ya kupanda. Iandikwe miezi 12 baadaye, na ihesabu mche ulio hai.

Mipaka ya hifadhi nayo ina jambo lake. Katika misitu kadhaa ya Usambara Mashariki mistari ya mipaka ilipandwa mitiki wakati wa mradi uliosaidiwa na Finland, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa busara, kwa kuwa mtiki huonekana kwa mbali na hakuna anayesema hakuuona. Lakini sasa miti ile imekuwa mbao, na kila mmoja anaitazama. Ikivunwa bila mpango, mpaka unafutika pamoja nayo. Ikiachwa bila kuhudumiwa, nayo ina madhara: jani la mtiki ni pana, hukusanya mvua na kuidondosha matone makubwa, na chini yake huwa pakavu pasipo majani ya kushika udongo. Itamkwe kwa maandishi mitiki hiyo ni ya nani na kijiji kinapata nini. Kila unapovunwa mmoja, pabaki kigingi cha zege na mti wa asili. Na ukaguzi wa mpaka ufanywe na pande zote mbili zikitembea pamoja, kamati ya maliasili ya kijiji na wahifadhi, kila Januari, siku ileile ya kukagua kinga moto.

Kuna watakaouliza kwa nini mji wa Tanga uhangaike na haya. Maji ya mji yanatoka Mto Zigi, kupitia bwawa la Mabayani lililojengwa 1978, na mto huo pamoja na tawi lake la Kihuhwi unaanzia kwenye safu hii. Udongo unaong’oka kwenye shamba la mihogo hauishii bondeni. Unatulia ndani ya bwawa na kula nafasi ya maji, na ule mwepesi unaoelea unafika kwenye mtambo wa kusafisha maji wa Mowe, ambako lazima uteremshwe kwa dawa inayonunuliwa kwa fedha. Wachimbaji wa dhahabu walipovamia vijito vya milima hii kuanzia 2003 walivuruga sakafu za mito kwa mabeleshi, na kila mara uchimbaji huo unaporudi, tope hurudi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, iliyolenga shilingi bilioni 53.12, na watu walijitokeza kununua. Mabomba na mitambo ni lazima. Ila tunaomba sehemu ndogo ya fedha za maji, ya kudumu na si ya mradi, ipande mpaka kwenye miteremko ambako maji huanzia, na itolewe Desemba.

Vilevile msisahau vilivyo vidogo. Ua ambalo dunia nzima hulipanda madirishani, Saintpaulia, lilitoka huku: mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao. Huota kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji. Mti wa juu ukikatwa, mwamba hupata jua, na ua hilo hufa bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo njia za wageni zisipitishwe kwenye miamba ya vijito, na zinazopanda kileleni zizunguke kwa kona badala ya kukwea moja kwa moja, zikiwa na magogo ya kupotoshea maji yaliyolazwa mshazari kila mita 10 au 15. Njia inayopanda wima inakuwa korongo baada ya masika mawili.

Tunaomba kikao kimoja, kabla ya mwisho wa Novemba, si ukumbini bali chini ya mlima, kikiwakutanisha watu wa misitu, wa maji, wa kilimo na watendaji wa vijiji vinavyouzunguka. Ajenda iwe tatu tu: fedha ya kinga moto ya Desemba, siku za Januari za kupima mifereji na mikondo ya pamoja, na orodha ya mbegu zinazotakiwa kuingia kitaluni kwa ajili ya kupanda mwaka unaofuata. Kila kitongoji kitaleta watu wake 10, majembe, kamba na vipimo vya herufi A vilivyokwisha kutengenezwa. Nyinyi njooni na ramani ya mipaka na kalamu ya kusaini.

Wenu,
Wakulima, watunza vitalu na wajumbe wa kamati za maliasili, vijiji vilivyo chini ya Mlinga, Muheza